Porsche ni silabi mbili, na Lancia pia

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza majina ya magari ya kale yatamkwe vipi, na kama msemaji wa Kiswahili anapaswa kufuata matamshi ya Kiingereza. Kwa sehemu ya pili nasema hapana, isipokuwa gari lenyewe liwe la Kiingereza. Mengi ya majina haya ni ya watu, na jina la mtu hutamkwa kama linavyotamkwa kwao. Basi uliza kwanza: jina hili ni la nani, na mwenyewe ni wa wapi? Ukishaijua lugha, kilichobaki ni kanuni chache za tahajia yake.

Chukua Porsche. Ni jina la ukoo wa Ferdinand Porsche, aliyefungua ofisi yake ya uhandisi mjini Stuttgart mwaka 1931. Katika Kijerumani e ya mwishoni haiachwi kimya, kwa hiyo anayesema "Posh" amekata kipande cha jina la mtu, na anayesema "Poshi" amembadilishia. Sema POR-she, mkazo mwanzoni, na e ya mwisho iwe hafifu, kama inayomezwa. Kanuni nyingine za Kijerumani zinazofaa hapa ni tatu: v husomwa f, w husomwa v, na z husomwa ts. Ndiyo maana Volkswagen ni FOLKS-va-gen, kwa g ile ile ya "gari". Wanderer ni VAN-de-rer. Benz ni "Bents". Herufi nazo hufuata mkondo huo: BMW ni Be-Em-VE na DKW ni De-Ka-VE.

Ch ya Kijerumani inataka uangalifu, maana ina sauti mbili. Ikifuata a, kama katika Maybach, ni kh ya "masalkheri": MAI-bakh. Mswahili aliyezoea salamu hiyo analitamka jina hili vizuri bila mazoezi yoyote. Lakini ikifuata r, kama katika Horch, sauti husogea mbele ya kinywa. Weka ulimi kama unayetaka kusema "hi", kisha toa pumzi tu bila irabu. Jina hilo lina kisa kinachostahili kujulikana. August Horch aliachana na kampuni aliyoianzisha mwenyewe, akaanzisha nyingine mwaka 1909, na akazuiwa kutumia tena jina lake. Horch kwa Kijerumani ni "sikiliza!", na kwa Kilatini neno hilo ni audi, nalo ndilo alilolipa kampuni mpya. Kwa hiyo Audi ni AU-di, yenye "au" kama ya "dau", wala si "Odi".

Kwa Kiitalia sisi tuna bahati ambayo wengi hawaitumii. Irabu zake zinakaribiana sana na zetu, na mkazo mara nyingi hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu. Alfa Ro-ME-o, Bu-GAT-ti, Ber-TO-ne: soma kama Kiswahili na umefika. (Bugatti alifanya kazi Molsheim, Alsace, Ufaransa ya leo, lakini Ettore mwenyewe alizaliwa Milan.) Hata gn ya Vignale, wale mafundi wa mabodi wa Torino, ni ny yetu kabisa: Vi-NYA-le. Kinachotuponza ni kupitia Kiingereza ili kufika Italia, safari isiyo na faida hata kidogo.

Ila tahajia yao ina mitego miwili inayomnasa msomaji wa Kiswahili hasa. Wa kwanza ni gh. Kwetu ni sauti ya "ghali" na "lugha". Kwao h imewekwa ili g ibaki ngumu mbele ya i na e. Lamborghini ni Lam-bor-GI-ni, na Ghia ya Karmann Ghia ni GI-a, kwa g ya "giza". Mtego wa pili ni ch, ambayo kwao ni k. Isotta Fraschini, kampuni ya Milan iliyoanza mwaka 1900, ni Fra-SKI-ni. Sauti yetu ya ch wao huiandika c mbele ya i au e, na i hiyo ikifuatwa na irabu nyingine kwa kawaida haitamkwi, kwa hiyo Lancia ni LAN-cha, silabi mbili. Maserati s yake huwa z: Ma-ze-RA-ti.

Countach, modeli ya Lamborghini, inavunja kanuni hii ya ch, na kwa sababu nzuri. Neno lenyewe si la Kiitalia sanifu. Ni la Kipiedmonte, lugha ya eneo la Torino, nalo ni mguno wa mshangao wa mtu aliyeona kitu cha ajabu. Gari lilioneshwa Geneva mwaka 1971 likiwa na jina hilo. Huko ch ya mwisho ni ch kweli: kun-TACH, mkazo mwishoni, bila kuongeza i.

Kifaransa ndicho kigumu kuliko vyote, na wengi hukosea mkazo hata wanapozipata herufi. Sisi huvuta mkazo nyuma. Wafaransa huupeleka mwisho. Renault ni re-NO, l na t ni kimya. Panhard ni pa-NAR. Delahaye ni de-la-E, h haisikiki. Kwa Peugeot zinahitajika sauti mbili ambazo hatuna. Ya kwanza ni irabu eu: sema "e" ndefu, na ulimi ukiwa pale pale viringa midomo kama unayesema "o". Ya pili ni g yao mbele ya e: sema "sh" kwa mfululizo, weka kidole kooni, kisha washa sauti mpaka koo litetemeke. Unganisha, na mkazo uende mwisho. Asiyeiweza aseme Pijo tu. Pijo na Benzi yameshakuwa maneno ya Kiswahili, yana haki zake, na kumsahihisha mtu anayeyatumia ni kukosea lugha yetu wenyewe.

Vile vidoto viwili vya Citroën si pambo. Ukoo huo una asili ya Uholanzi, ambako citroen ni limau na oe husomwa u. Huko Paris vidoto vikaitenganisha e na o, jina likawa silabi tatu: si-tro-EN. Tena, herufi za modeli ya DS ya mwaka 1955 zikisomwa kwa Kifaransa hutoa de-ES, sawasawa na neno la "mungu wa kike". Ukisema "Di-Es" umeipoteza raha yote.

Kuna majina yanayoandikwa namna moja na kutamkwa namna mbili, na hapo ni lazima ujue ni gari lipi linalozungumzwa. Talbot la Uingereza ni TOL-bot; Talbot-Lago la Ufaransa ni tal-BO. Daimler la Ujerumani ni DAIM-ler, lakini Daimler la Coventry Waingereza huliita DEM-la. Hapa mwenye gari ndiye mwenye jina. Kwa sababu hiyo hiyo Cadillac, ingawa limetokana na Mfaransa aliyeanzisha Detroit mwaka 1701, ni KA-di-lak kama Wamarekani wanavyosema. Louis Chevrolet alizaliwa Uswisi, na Wamarekani walimhifadhia ukimya wa t: she-vro-LE. Buick ni BYU-ik. Hispano-Suiza ya Uhispania haina h mdomoni: is-PA-no SWI-tha, kwa th ya "thelathini".

Yaliyobaki ni mafundo ya konsonanti, ambako ulimi wetu hupenda kuchomeka irabu: "Sikoda", "Folikisi". Š ya Kicheki ni sh, kwa hiyo Škoda ni SHKO-da. Anayeona haiwezekani kutamka sh na k bila i katikati asikilize jinsi salamu yetu inavyotoka mtu akiwa na haraka: shkamoo. Anza hivyo hivyo, kisha badala ya "kamoo" weka "koda".