Kona za Bomba na Unga Ndani ya Maji

SWALI: Fundi, natengeneza kipoza joto cha majaribio. Nina mabomba matatu: la duara, la mraba na la pembetatu. Nikitia chembe za alumina (unga mweupe wa oksidi ya alumini) kwenye maji, umbo la bomba bado lina maana?

JIBU: Lina maana, tena pengine kuliko huo unga. Maji yakienda taratibu bila kuvurugika, na ukuta ukiwa na jotoridi moja kote, namba ya Nusselt, yaani kipimo cha jinsi maji yanavyochukua joto kutoka ukutani (ikiwa kubwa ni bora), kwa duara ni 3.66. Kwa mraba hushuka hadi 2.98, na kwa pembetatu yenye pande sawa ni kama 2.47. Kisa ni kona. Niliwahi kudondosha wino kwenye mfereji wa plastiki wa pembetatu: katikati ulikimbia, konani ukang'ang'ania kama umesahauliwa. Maji yasiyosogea hayabebi joto.

Nanofluidi, yaani kimiminika chenye chembe ndogo mno kama hizo zako, jina alilolileta mtafiti Stephen Choi huko Marekani mwaka 1995, husaidia kwa kuwa alumina hupitisha joto mara nyingi zaidi ya maji. Ila mnato nao hupanda, na anayeumia ni pampu. Anza na asilimia 1 ya ujazo, chembe ziwe chini ya nanomita 100. Na usikoroge kwa kijiko! Mimi nilikoroga, asubuhi nikakuta maji maangavu juu, tope jeupe chini. Tumia kifaa cha mawimbi ya sauti.

Ukilazimika kutumia pembetatu, ziviringe kona zake kwanza.