Jibu: Mchezo wa redio kuwafundisha vijana afya ya uzazi

Dada, umeuliza kama mchezo wa redio unaweza kuwafundisha vijana wa kata yenu habari za kondomu, mimba na VVU bila kugeuka mahubiri. Unaweza kabisa, na hapa Tanzania jambo hili lilishapimwa. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Dodoma hawakurushiwa hadi 1995, ili watafiti wapate pa kulinganisha. Kwingine, wasikilizaji walisema wamepunguza wapenzi na wanatumia kondomu zaidi.

Nguvu ya mchezo ilikuwa kwa mhusika Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima. Watu walimfuatilia kipindi hadi kipindi mpaka UKIMWI ukamkuta, huku mkewe Tunu akijifunza kujitegemea.

Kwa hiyo nesi wa mchezo wako usimpe hotuba. Msimamishe binti wa miaka 17 kwenye dirisha la zahanati. Ananong'ona. Nesi anauliza kwa sauti, "Unataka nini? Sema nisikie!" Nyuma ya binti kwenye foleni amesimama mama yake mdogo. Kata kipindi hapo hapo. Wiki ijayo wasikilizaji wote watarudi redioni.

Nakusihi, wasomee vijana wenyewe mchezo kabla ya kurekodi, maana maneno ya kitabuni wanayagundua mara moja. Na huduma mtakayoitaja hewani iwepo kweli. Binti akijikaza kwenda, akakuta dirisha limefungwa, hatarudi tena.