Muulize Shangazi: Mama akiwa Tanga, Medicare itamlipa daktari wa Ohio?

Shikamoo Shangazi. Mama yangu ana miaka 71, tunaishi naye Columbus, Ohio. Ana sukari na presha. Bima yake ni Medicare, bima ya afya ya wazee, tena ya serikali yenyewe, si ile ya kampuni. Tangu mwaka jana daktari humwona kwa video, tukapumzika kumtoa nje wakati wa theluji. Sasa mdogo wake anaoza binti Tanga, na mama anataka akae huko miezi mitatu. Miadi ya video itaendelea? Kaka yangu wa Houston anasema simu ni simu, daktari hana haja ya kujua mama yuko wapi. Halafu mama hapendi kamera, anasema hawezi kuonwa na mwanamume akiwa chumbani kwake. Na anayemtafsiria ni mwanangu wa miaka 12, maana saa hizo mimi niko kazini.
Binti wa Tanga, Columbus

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa harusi.

Nianze na kaka yako, maana ushauri wake ndio utakaowatia matatani. Katika matibabu ya mbali, hapa Marekani kinachotazamwa ni mgonjwa yuko wapi saa ile anapozungumza na daktari. Medicare hailipi matibabu ya nje ya nchi ila kwa dharura chache sana, kama mtu aliyeugua karibu na mpaka na hospitali ya Canada ikawa ndiyo ya karibu. Mama akiwa Tanga, hata daktari awe amekaa palepale ofisini kwake Columbus, miadi hiyo haina mlipaji. Na leseni nayo hufuata jimbo alipo mgonjwa. Kwa hiyo hata akienda Houston wiki mbili tu, pigeni simu kliniki kwanza, mwulize kama daktari ana ruhusa ya kutibu mtu aliyeko Texas.

Kudanganya hakutafika mbali. Mimi ni mkalimani wa hospitali, kutwa niko kwenye simu hizi. Kabla muuguzi hajauliza sukari imesomaje, huuliza: “Uko wapi sasa hivi? Nipe anwani.” Mgonjwa akizimia simu mkononi, ambulensi itapelekwa wapi? Januari moja mzee fulani alijibu kwa utulivu kabisa, “Niko nyumbani.” Kwetu ilikuwa saa tano kasorobo asubuhi. Mara nyuma yake ikapanda adhana ya Magharibi, na mtoto akawa anafukuza kuku. Muuguzi hakuijua adhana, lakini kuku alimsikia. Akauliza tena, nikatafsiri, na mzee wa watu akasema kweli: nyumbani ni kwao, pwani. Miadi ikafungwa hapo hapo bila ugomvi, akaambiwa amwone daktari wa huko.

Tena hiyo video mliyoizoea msiichukulie kuwa ni ya milele. Kabla ya Machi 2020 mama asingeipata. Kwa kawaida Medicare ililipia matibabu ya mbali kwa mtu wa mashambani, na hata huyo ilimbidi aende hadi kliniki ya kwao akakae mbele ya skrini ya huko. Korona ndiyo iliyoruhusu wazee wengine watibiwe wakiwa sebuleni kwao, na tangu hapo Bunge limekuwa likiongeza muda kwa vipande. Tarehe 1 Oktoba 2025 muda uliisha huku shughuli za serikali zimesimama, na hadi 12 Novemba baadhi ya kliniki zikawa zinawaambia wazee waje wenyewe au wajiandae kulipa. Baadaye sheria ilirudisha malipo ya siku zile, lakini kuna waliokwisha kuahirisha. Afya ya akili ina ruhusa yake ya kudumu. Kwa mwenye sukari na presha, ulizeni kila mnapoweka miadi.

Kamera ni haki yake kuikataa. Daktari akiwa na uwezo wa video na mgonjwa aliye nyumbani hawezi au hataki kuonekana, Medicare inakubali simu ya sauti tupu. Aseme mwanzoni, iandikwe. Ila miguu ya mwenye sukari haikaguliwi kwa sauti, hiyo lazima aende mwenyewe. Malipo ni yaleyale ya ofisini: akishamaliza kiasi cha kwanza cha mwaka anachojilipia mwenyewe, ambacho kwa 2026 ni dola 283, Medicare hulipa asilimia 80 ya bei iliyoidhinisha na yeye 20. Bei ikiwa dola 100, yeye ni 20, awe amevaa viatu au hakuvaa.

Mjukuu aachwe akacheze. Hospitali na madaktari wanaopokea pesa za serikali kuu wanatakiwa kumpa mama mkalimani bure, kwenye video na simu pia, na mtoto hatakiwi kutumiwa ila kwa dharura ambayo mkalimani hakupatikana. Bibi mwenye maradhi ya kike atamwambiaje mvulana wa miaka 12 ayapeleke kwa daktari? Atasema “tumbo” tu, na daktari atatibu tumbo. Mnapoweka miadi ombeni mkalimani wa Kiswahili, mwanamke akiwepo.

Sasa safari. Kabla hajaondoka amwone daktari ana kwa ana, apewe orodha ya dawa kwa majina yake halisi, si ya kibiashara, ili daktari wa Tanga asibahatishe. Mipango mingi ya dawa hutoa za siku 90 kwa mkupuo. Aombe mapema, kwa sababu Part D, sehemu ya Medicare ya dawa, nayo hailipi dawa inayonunuliwa nje ya nchi. Insulini aibebe mkononi, asiipeleke kwenye mzigo wa chini. Kama ana bima ya nyongeza, Medigap, angalieni herufi yake: C, D, F, G, M na N hulipa asilimia 80 ya dharura za nje baada ya dola 250 za kwanza, mradi dharura ianze ndani ya siku 60 za mwanzo wa safari, na kikomo cha maisha yote ni dola 50,000. Kwa hiyo dharura ya mwezi wa mwisho wa safari ni mfuko wenu. Na mtu asimshawishi aikate Part B, sehemu ya Medicare inayolipia madaktari, ili aokoe malipo ya miezi hiyo. Kuirudisha kwa kawaida ni mpaka dirisha la kujiandikisha la Januari hadi Machi.

Shangazi, nina miaka 68, niko Minneapolis. Kanipigia mtu akijiita daktari wa Medicare, anasema nimepata mkanda wa goti bure, nimpe namba ya kadi. Nilimtajia tarakimu nne za mwanzo nikasita.
Mzee wa Ujiji

Shikamoo baba. Umesita pazuri, usimalizie. Medicare haimpigii mtu simu kumgawia mikanda. Mchezo huo una umri: Aprili 2019 serikali iliwashtaki watu 24, wakiwemo wakubwa wa kampuni za matibabu ya simu, kwa mikanda ya mgongo na magoti iliyoandikiwa wazee ambao daktari hakuwahi kuwaona, au alizungumza nao kidogo tu kwenye simu. Hasara ilitajwa kuwa zaidi ya dola bilioni 1.2. Piga 1-800-MEDICARE ueleze yaliyotokea, useme unataka mkalimani wa Kiswahili. Kisha kila karatasi ya Medicare inayoorodhesha malipo yako isome na mwanao. Ukiona goti ambalo hukulitibu, wapigie tena.