Kichaka Usichokijua: Anza na Majani, Ua Litasubiri

Msomaji amenitumia picha ya ua jeupe akiuliza: "Kimeota chenyewe bustanini kwangu karibu na bahari. Ni kichaka gani hiki?" Ua tupu! Hakuna jani, hakuna kijiti, hakuna tunda. Nimeshamjibu, ila jambo hili lina uzito kwangu, basi nalieleza kwa kirefu.

Mimi nami niliotewa na kichaka. Kilichipua kando ya ukuta unaopigwa na upepo wa chumvi, pale ambapo kila nilichopanda kiliungua ncha za majani. Mtaalamu mmoja wa bustani alikitupia jicho akasema, "Gugu hilo, ng'oa." Kauli ile iliniuma, na hadi leo inaniuma, maana hakuinama hata kugusa jani. Nilikataa kung'oa.

Nikaanza na jinsi majani yalivyokaa kwenye kijiti. Yangekuwa matatu matatu kuzunguka kijiti, membamba na magumu, ningerudi nyuma nikanawe mikono, kwani oleanda hukaa hivyo na ina sumu kila sehemu. Yangu yalipishana, yamesongamana kwenye ncha za matawi, manene, yanang'aa, kingo zimejikunja kidogo kwenda chini. Nikavunja kikonyo kwa uangalifu: hakuna utomvu mweupe. Hapo nikamwondoa mnyaa na jamaa zake, ambao utomvu wao ukiingia jichoni ni balaa. Kisha nikachungulia kwapa la jani, pale linapoungana na kijiti, nikakuta kishungi cha nywele nyeupe, laini kama hariri.

Ndipo nikaligeukia ua. Petali tano, zote upande mmoja, utadhani mtu amelipasua akaondoka na nusu yake. Hiyo ni Scaevola, kundi la mimea yenye maua ya nusu namna hii, sikuwa na shaka tena. Lakini pwani za joto zina Scaevola mbili zinazojulikana sana: taccada huzaa matunda meupe, plumieri meusi. Nikangoja. Tunda likaiva jeupe.

Scaevola taccada ni mmea mwenyeji wa pwani za Bahari ya Hindi na Pasifiki. Matunda yake huelea baharini hadi ufuo mwingine, na chumvi haiutishi. "Gugu" lile ndilo lililoumudu ukuta wangu, na najivunia kwamba nililitetea! Hata hivyo, Florida na visiwa vya Karibi mmea huohuo ni mvamizi, unaisonga plumieri ambayo ndiyo ya kwao. Kule ningeung'oa mwenyewe. Ndiyo maana hukumu haiwezi kutangulia jina.

Kwa hiyo, ndugu zangu, acheni uvivu wa picha moja. Piga kichaka kizima, kijiti na majani yake, upande wa chini wa jani, ua kwa ubavu, tunda likiwepo. Hata Pl@ntNet, programu ya kutambua mimea kwa picha, hutofautisha picha za jani, ua, tunda na gome. Na ikikupa jina, usilimeze; rudi kwenye majani ukahakiki. Majani kwanza, narudia.

Wala usionje chochote. Lantana, kichaka ambacho nacho kina sumu, utaijua kwa kugusa tu: jani linakwaruza na likifikichwa linanuka vikali, kijiti kina pembe nne. Mbegu za mbarika zinapendeza kwa madoa yake, nazo zina risini, sumu inayoua.