Kauri, Titani au Chuma: Kasha Gani la Saa kwa Mkono wa Pwani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Pangani, anayepeleka wageni Kisiwa cha Maziwe kwa boti, aliniandikia. Zamu yake ya upatu imefika, ameongezea na akiba yake, na sasa anataka saa yake ya kwanza ya maana. "Dada, nichukue kauri nyeusi au titani? Washkaji wote wanasema kauri, eti haichubuki maisha." Nilimjibu kwa kifupi siku ileile, ila jibu lenyewe halikuniridhisha. Suala hili la kasha la saa, yaani lile bodi linalobeba mashine na kioo, mimi limenigusa ngozi, limenigusa mfuko, likanigusa na heshima yangu. Leo nalieleza lote.

Nafanya uwakala wa forodha hapa Tanga. Kutwa nazunguka kati ya ofisi, geti la bandari na yadi ya makontena. Jua letu la kaskazi mnalijua, saa nne asubuhi nguo imeshalowa. Saa yangu ya kwanza ya Uswisi ilikuwa ya chuma cha pua, ya cheni, na niliipenda mno. Nilivyoipata ni habari ndefu, tuiache. Baada ya miezi michache mkono ukaanza kuwasha. Nilipoivua usiku nikaona duara jekundu limejichora kwenye ngozi, sawasawa na mfuniko wa nyuma wa saa, na upande wa ndani wa kifundo cha mkono, pale kifungo cha cheni kinapokaa, vipele vimesimama. Nilipaka mafuta ya nazi. Nikaambiwa ni fangasi. Jirani akasema ni husuda, watu wameitamani saa. Daktari wa ngozi ndiye aliyetaja jina la adui: nikeli.

Chuma cha pua kinachotumika kwenye saa nyingi nzuri, kile cha namba 316L, kina nikeli kama asilimia 10 hadi 14. Kile cha 904L, ambacho Rolex hukitumia na kukiita Oystersteel, kina nikeli zaidi ya asilimia 23. Kwa watu wengi haina shida yoyote, kwa sababu nikeli hiyo imeshikwa vizuri ndani ya chuma. Lakini jasho lina chumvi, na jasho likikaa kutwa chini ya mfuniko, kiasi kidogo sana hutoka. Mwenye mzio hicho kidogo kinamtosha. Ndugu zangu wa Tanga, Bagamoyo, Mombasa, kama saa ya cheni inakuachia alama nyekundu, nenda kwa daktari wa ngozi kabla hujamlaumu mtu.

Hapo ndipo nilipoanza kuisoma kauri kwa dhati. Kauri ya saa si ile ya vikombe. Inatokana na unga mweupe laini wa oksidi ya zirkoni. Unga huo unachanganywa na kishikizo na rangi, unasukumwa kwenye kalibu kwa mgandamizo mkubwa, kisha unaingizwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,400 na zaidi. Humo ndani kasha linasinyaa karibu robo ya ukubwa wake, kwa hiyo wahandisi wanalitengeneza likiwa kubwa makusudi, wakijua litarudi kwenye kipimo. Likishatoka limekuwa gumu kiasi kwamba halichongeki tena ila kwa zana za almasi. Na rangi imeingia mpaka ndani. Kauri nyeusi ni nyeusi hadi katikati, tofauti kabisa na chuma kilichopakwa weusi juu, ambacho kingo zake zikisuguliwa na mikono ya shati miaka miwili mitatu, chuma cheupe kinachungulia.

Waliotangulia ni wa zamani kuliko vijana wanavyodhani. Kampuni ya Rado tangu 1962 walikuwa na saa ya DiaStar, iliyotengenezwa kwa metali ngumu isiyokwaruzika kirahisi. Mwaka 1986 kampuni ya IWC wakatoa Da Vinci yenye kasha la oksidi ya zirkoni, na Rado nao mwaka huohuo wakaleta Integral. Ila iliyoifanya kauri ipendwe na watu wa mitindo ni J12 ya Chanel, nyeusi mwaka 2000, nyeupe mwaka 2003. Namshukuru aliyeibuni ile nyeupe. Ukiivaa na baibui jeusi inang'aa bila kelele, na ni saa kamili inayotazamwa kwa heshima, siyo bangili yenye mishale. Omega walifuata na Dark Side of the Moon mwaka 2013, nyeusi tupu, na tangu hapo kampuni nyingi kubwa zina za kwao.

Basi nikajipanga, nikaenda Dar es Salaam na mume wangu kwenye duka moja lenye viyoyozi na vioo kila upande. Pesa ilikuwa yangu, kwenye mkoba wangu. Muuzaji alipotusogelea alimpa mume wangu mkono, akamvutia kiti. Niliomba kauri nyeupe. Akaiweka juu ya kitambaa mbele ya mume wangu. Nikaichukua, nikaigeuza. Kwenye mfuniko wa nyuma kulikuwa na maandishi madogo yamezunguka kioo, na kwa macho yangu nikasoma kwamba mfuniko ni chuma cha pua. Nikafungua kifungo: chuma. Nikamwambia, "Kaka, sehemu inayogusa ngozi ni chuma, na mimi nina mzio wa nikeli. Mnayo yenye mfuniko wa titani?" Akacheka kidogo. Akasema, "Mama, hii yote ni kauri." Kisha akamgeukia mume wangu: "Mzee, bei tutaelewana."

Mume wangu alimjibu kwa upole kwamba mwenye saa ni mimi. Jamaa akaendelea kumwangalia yeye. Nilirudisha saa juu ya kitambaa, nikashukuru, tukatoka. Miaka imepita na bado linaniuma, sioni sababu ya kuficha. Niliuliza swali la mtu anayejua anachokitaka, na swali lile lilikuwa sahihi. Saa nyingi za kauri zina kauri sehemu ya kati tu. Baadhi ndani zina kiini cha metali kinachobeba mashine, mfuniko wa nyuma mara nyingi ni titani au chuma, kifungo vilevile. Mteja ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi, awe mwanamke, awe amevaa kanga.

Kauri niliipata baadaye, kwa muuzaji mwingine, yenye mfuniko na kifungo cha titani. Naivaa mpaka leo kwenye harusi, misibani, na Idd. Haina mkwaruzo. Nikiitoa kwenye boksi inaonekana kama jana ndiyo imetoka kiwandani. Na kwenye joto ina raha ya pekee, maana kauri haipitishi joto haraka kama chuma, haikuunguzi ukitoka juani. Uzito wake pia ni wa wastani: sentimita moja ya ujazo ina kama gramu 6, wakati chuma ni karibu 8 na dhahabu ya karati 18 inavuka 15.

Lakini bandarini siivai, na sababu niliiona kwa macho. Mwenzangu wa yadi alikuwa na kauri nyeusi, nzuri kwelikweli. Siku moja anafunga mlango wa kontena, mkono ukagonga komeo. Tulisikia mlio mwembamba, kama kijiko kimegonga sahani. Tuliitazama ile saa pande zote: kioo kizima, mishale inakwenda, kasha halina hata mstari. Ila sikio moja, ile pembe inayoshika mkanda, lilikuwa limekatika, limeacha kidonda cheusi chenye kingo kali. Tuliipeleka Ngamiani kwa fundi saa mzee ninayemwamini. Akaweka lenzi jichoni, akaigeuza taratibu, akasema, "Hii haisuguliwi, haichomelewi, haijazwi. Hii ni kasha jipya kutoka kwa wenyewe." Ugumu unaozuia mikwaruzo ndio unaoinyima kauri kupinda. Chuma kikipigwa kinabonyea, kauri ikipigwa vibaya inavunjika. Na nyumba zetu siku hizi zote zimewekwa marumaru, saa ikiteleza mkononi bafuni hakuna zulia la kuipokea.

Kazini navaa titani, metali nyepesi ya kijivu. Hapa ndipo pana mapenzi yangu ya kila siku, na nashangaa watu wanaivunjia heshima eti ni nyepesi kama ya kichina. Wepesi ndio utajiri wake! Gramu 4.5 kwa sentimita ya ujazo, karibu nusu ya chuma. Citizen walitoa saa ya titani, X-8, mwaka 1970. IWC na Porsche Design wakaifuata kwa saa yao ya mwaka 1980. Hewa ikiigusa inajivika utando mwembamba wa oksidi, na utando huo ndio unaofanya maji ya bahari yasiile. Titani safi haina nikeli, na hata ile ya daraja la 5, iliyochanganywa na aluminiamu asilimia 6 na vanadiamu asilimia 4, ngozi yangu haijawahi kuilalamikia. Daraja la 5 ni gumu zaidi na linakubali kung'arishwa. Daraja la 2 ni laini na rangi yake imefifia zaidi. Muuzaji akikwambia "titani" tu, muulize daraja. Mikwaruzo utaipata, hilo halina ubishi. Kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Vickers, chuma cha saa kiko kwenye 200 hivi, titani ya daraja la 5 kama 350, kauri 1,200 na ushee. Mchanga wa ufukweni unakwaruza viwili vya kwanza.

Kasha la nyuzi za kaboni nimelishika tu, sijalimiliki. Ni nyepesi ajabu, na kila kasha lina mawimbi yake, lakini bei zake ni za watu wengine. Shaba nyeusi, yaani bronzi, inapendeza kwenye picha. Kwa hewa ya chumvi ya Raskazone itageuka kijani upesi, sasa kama unaipenda hivyo ni wewe. Kasha zima la safaya lipo pia, la kutengenezwa maabara, gumu kuliko kauri na linavunjika vilevile. Sisi wa mkoa huu ambao safaya ya Bonde la Umba tunaijua, tusidanganywe kwamba safaya ya kioo cha saa imechimbwa mahali. Na zile MoonSwatch, saa za Swatch na Omega zilizotoka 2022 na kuwachanganya vijana, zimetengenezwa kwa thuluthi mbili unga wa kauri na thuluthi moja plastiki itokanayo na mafuta ya mbarika. Zinapendeza, lakini asikuuzie mtu kwa jina la kauri kamili.

Wapenzi wa saa tunaoanzia chini tuna tabia ya kununua kwa masikio. Fulani amesema kauri, basi kauri. Jamani, mkono ni wako! Kabla hujatoa pesa, jiulize mkono huo unashinda wapi, unatoka jasho kiasi gani, unagonga nini. Soma mfuniko wa nyuma mwenyewe. Uliza kifungo ni cha nini. Uliza kasha likivunjika linapatikana wapi na kwa muda gani, na jibu likiwa "haivunjiki hii", funga mkoba wako uondoke. Hasa dada zangu: usiache mtu amjibu mwanamume swali ulilouliza wewe.

Sasa, mdogo wangu wa Pangani. Kwa boti, nanga na ngazi za chuma, chukua titani, ya daraja la 5 ukiipata. Tafuta yenye bezeli, ile pete inayozunguka kioo, ya kauri, kama ile Rolex waliyoanza kuitumia mwaka 2005 kwa jina la Cerachrom, maana bezeli ndiyo inayopauka na kukwaruzwa kwanza. Kioo kiwe cha safaya, taji, kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia saa, liwe la kuzungushwa mpaka likaze, na uwezo wa maji usipungue mita 200. Mkanda uwe wa raba, na kifungo chake ukikague kama nilivyosema. Ukirudi kutoka Maziwe, isuuze kwa maji ya bomba kabla chumvi haijakauka chini ya bezeli, taji likiwa limekazwa. Kauri nyeusi ipe zamu nyingine ya upatu, uivae ukiwa nchi kavu.