Ukitaka picha ya korongo Usangu, anza na mwenye jaruba

Wadau, tangu niweke kwenye status zile picha za korongo wa Usangu, bonde la mpunga kule Mbarali, Mbeya, naulizwa jambo moja tu, kamera gani, kamera gani. Haya tulimalize mapema: ni kamera ya mtumba na lenzi ya 70-300 ambayo imechubuka kila upande, basi. Shata naweka 1/2000 ya sekunde ndege akiwa anaruka, akiwa amesimama hata 1/500 inatosha, na korongo kwa sababu ni mweupe nashusha mwanga kidogo, -0.7 hivi, la sivyo manyoya yanatoka meupe pee kama shuka iliyofuliwa, huoni unyoya hata mmoja. Piga asubuhi, mpaka saa tatu uwe umemaliza, baada ya hapo joto la Usangu linapanda kutoka kwenye maji na picha zinakuwa kama zimepigwa nyuma ya moshi wa jikoni.

Sasa mambo yenyewe. Mwaka wa kwanza nilikuwa naharibu tu. Nashuka Rujewa, nachukua boda mpaka Ubaruku, nikiona kundi kwenye jaruba la mpunga lililotoka kuchavangwa, yani kuvurugwa tope, nanyata kama paka nawafuata moja kwa moja, wanaruka, natembea tena, wanaruka tena, jioni narudi Mbeya na picha mia tatu za makalio ya korongo. Nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba ndege anasoma uelekeo wako. Ukimwendea usoni ni adui. Ukipita pembeni kama mtu anayekwenda kwenye shughuli zake, ukasimama, ukakaa chini kwenye tuta, ukaangalia simu yako, anakusahau. Saa ingine nakaa nusu saa sijagusa kamera, wao wenyewe wanasogea. Na ukiona ameacha kula kanyoosha shingo, hapo umefika mwisho, usiongeze hata hatua moja.

Hii ya kutowarusha rusha si adabu tu. Chukua kitwitwi, yule mdogo anayetingisha mkia pembeni ya mfereji, ana gramu kama 60, yani uzito wa yai la kuku, na kuna wanaofika kwetu wakitokea mabwawa ya Skandinavia na Siberia. Wanaanza kuonekana mwezi wa nane, wa tisa, na ikifika wa tatu au wa nne inabidi wawe wameshanenepa maana mafuta ya mwilini ndo nauli ya kurudi. Kila ukimrusha unamla nauli.

Alafu si ndege wahamao wote wanatoka Ulaya kama watu wanavyodhani. Korongo mweupe ndiyo, huyo anazaliana huko Poland, Ujerumani na kwingineko, anashuka kupitia Uturuki, anafuata Nile mpaka kwetu, na wengine wanapitiliza hadi Afrika Kusini. Lakini kuna korongo mwingine, yule mdogo mweusi mwenye tumbo jeupe, huyo ni Mwafrika mwenzetu, anazaliana kwenye mvua za Sahel, ule ukanda wa chini ya jangwa la Sahara, na Sudan, kule kukikauka anakuja kwenye mvua zetu. Na mbayuwayu wa bluu wa kule juu nyanda za Kitulo yeye anafanya kinyume, huku kwetu ndo anakuja kuzaa, kuanzia mwezi wa tisa hivi, alafu anaenda kukaa upande wa Ziwa Victoria. Huyo nawaomba sana, kiota chake kiko kwenye mashimo ya ardhini, ukikuta shimo anaingia na kutoka usikae hapo, usipige, wala usiweke lokesheni mtandaoni. Wamebaki wachache, nyika zao zinageuka mashamba ya paini na viazi.

Turudi Ubaruku. Mwezi wa kwanza mmoja nimekaa kwenye tuta langu, kuna kijana ana manati anavizia korongo wangu. Nikaanza kumpigia kelele, kosa kubwa, maana bibi yake alikuwa nyuma yangu na mundu mkononi. Shikamoo mama. Marahaba, wewe nani na unamfokea nini mjukuu wangu kwenye jaruba langu? Nikajieleza, hifadhi ya mazingira, ndege wahamao, sijui nini. Akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mwanangu, hao ndo wanaokula mpunga wetu."

Nilikuwa na maneno mengi ya kujibu ila kwa bahati nikakumbuka picha niliyopiga dakika tano nyuma. Nikamwonyesha kwenye skrini, nikazumu kwenye mdomo: panzi, mguu mmoja unaning'inia nje. Akavuta kamera karibu na jicho. "Huyu ni panzi?" Ni panzi mama. Picha iliyofuata, chura. Akamwita kijana, akamwita na jirani wa jaruba la pili, na mimi nikawa nimeshasahaulika, wanabishana wenyewe.

Hapo ndo nikapata hoja ambayo hadi leo naitumia na haijawahi kushindwa. Mwulize mkulima wa Mbarali mpunga wake unajaza punje mwezi gani. Atakwambia wa nne, wa tano. Sasa muulize korongo mweupe anaondoka lini? Wa tatu, akichelewa sana wa nne mwanzoni. Mpunga unapokuwa na kitu cha kuliwa mtuhumiwa keshapanda juu huko anarudi kwao. Anayekula mpunga ni kweleakwelea, na huyo mdomo wake mfupi mnene wa kupasulia mbegu unauona hata kwa macho, lakini mdomo wa korongo ni koleo la kukamatia wadudu. Tena korongo hawa wa aina zote mbili wanafuata viwavijeshi, na hakuna mtu wa Mbeya anayehitaji kuelezwa kiwavijeshi ni nani.

Simaanishi wakulima wakae kimya. Kuamia ndege ni kazi ngumu, watoto wanashinda juani na madebe. Ila sumu ya kupulizia haichagui, na ndege mkubwa akila kweleakwelea aliyekufa kwa sumu naye anaondoka. Na maji ndo shida kubwa kuliko zote, mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu 1993, kinamasi cha Ihefu kikikosa maji hamna kitwitwi, hamna picha, na kwenye bwawa la Mtera nako tunakosa umeme. Maneno ya mipaka ya hifadhi na vijiji bondeni siyaingii hapa, yana watu wenye uchungu wa haki pande zote.

Kwaiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: kabla ya lenzi, nunua muda na wenye shamba. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji, salimia kwa Kisangu hata kama unajua "kamwene" tu, omba ruhusa ya kukanyaga tuta (usikanyage miche, jamani). Kabla hujaposti popote, onyesha picha hapohapo shambani. Na printi. Watu wanadharau kuprinti, mimi picha moja ya karatasi iliyobandikwa dukani Ubaruku imefanya kazi kuliko laiki zangu zote. Ukiona pete mguuni mwa korongo, acha mambo ya sanaa, piga ule mguu mpaka namba zisomeke, utume EURING, mtandao wa Ulaya wa wanaovalisha ndege pete, wanaweza kukwambia alivalishwa wapi na lini. Na ulichokiona kiandike eBird, lile daftari la ndege la mtandaoni, hata kama picha imeharibika, maana idadi nayo ni ushahidi.

Yule bibi ana namba yangu siku hizi. Mwezi wa kumi na moja uliopita kanibipu saa kumi na mbili asubuhi, napiga, hata salamu hakuna: "Wamekuja, kumi na tisa, wako kwa jirani. Na ile picha ya mjukuu wangu uliyoahidi iko wapi?" Korongo nimewapata. Picha ya mjukuu kwenye memori kadi siioni mpaka leo, na Jumamosi natakiwa Ubaruku.