Miaka 24 na dabobesi: hujachelewa

Ndugu, umeuliza kama miaka 24 ni kuchelewa kuanza dabobesi, ile ala kubwa ya nyuzi inayofanana na fidla na kutoa sauti nzito, na kama itakulisha. Hujachelewa. Anza kwa kukodisha ala, usinunue, na chukua saizi iitwayo robo tatu. Jina lisikudanganye, ndiyo wanayopiga watu wazima wengi. Nyuzi zake nne, mi, la, re, sol, ni nene, kwa hiyo vidole vitachubuka. Karibu na kichwa cha ala, bonyeza kwa kidole cha shahada, cha kati, kisha cha pete na cha mwisho kwa pamoja, maana cha pete peke yake hakina nguvu.

Kuhusu riziki, jifunze kupiga kwa upinde na pia kudonoa nyuzi kwa vidole: anayeweza okestra na jazi hupata kazi zaidi. Na tafuta usafiri mapema. Mzigo huo hauingii kila gari.